Boila imeandikwa 87%, mbona mwezi wa Mei dizeli haishuki? Mafundi wa hoteli na wenye laundri, njooni tuhesabu

#1 Fundi_Bamburi

Assalam aleikum wakuu, na habari zenu nyote.

Uzi huu ni wa mafundi wa mahoteli ya pwani, Diani mpaka Shanzu, na yeyote anayechoma dizeli kupata maji moto. Kila mwaka masika yakiingia wageni hupungua, na mameneja hutaka dizeli ya boila ipungue kwa kipimo kile kile. Wageni wamebaki robo, basi na mafuta yabaki robo. Yanashuka, lakini hayafiki huko, na hapo fundi huanza kutazamwa kama mwizi. Nimeona watu waaminifu wakifukuzwa kazi kwa hesabu hii mbovu. Inaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kibati cha boila kinasema ufanisi ni, tuseme, 87%, yaani sehemu ya joto la mafuta inayoingia kwenye maji. Namba hiyo ni ya kweli, ila ilipimwa boila ikiwaka mfululizo kwa moto kamili, imeshatulia kwenye joto lake. Haisemi lolote kuhusu boila iliyokaa na maji ya nyuzi 80 kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, ikimngoja mgeni mmoja afungue mfereji. Usiku kucha ganda linatoa joto. Hewa inapenya kwenye kichomeo, inapita kwenye mirija, inapanda dohani na joto ambalo mwenye hoteli amelilipia. Ni tuktuk iliyoachwa inanguruma kwenye foleni ya feri ya Likoni: haijasogea, na tangi linashuka. Hasara hii haijui wageni ni wangapi. Ya Desemba ndiyo ya Mei.

Sasa hesabu. Namba hizi si za hoteli yoyote, nimezitunga ili kila mtu afuate kwa kalamu. Chukua boila ya maji moto ya kW 600. Lita moja ya dizeli ina takriban kWh 10 za joto (kW 1 kwa saa moja ni kWh 1). Tuseme boila hii, muda wote ikiwa moto, inapoteza kW 15, na ikiwaka inaingiza kwenye maji 87% ya joto la mafuta.

Desemba hoteli imejaa. Vyumba, jikoni na laundri vinataka kWh 2,000 kwa siku. Hasara ni 15 mara saa 24, yaani 360. Jumla 2,360. Gawanya kwa 0.87, unapata 2,713: lita 271. Ufanisi wa siku nzima ni 2,000 kwa 2,713, kama 74%.

Mei zinatakiwa kWh 300 tu. Hasara iko pale pale, 360. Jumla 660, mafuta kWh 759: lita 76. Ufanisi wa siku umeanguka hadi 40%.

Kazi imebaki 15% ya ile ya Desemba. Meneja anapiga hesabu yake, anategemea lita 41. Anaona 76, na hakuna aliyeiba hata kikombe kimoja. Zaidi ya nusu ya dizeli ya Mei imekwenda kuipasha moto boila yenyewe na chumba chake.

Wenye uzoefu, ongezeni au nirekebisheni.


#2 Kijana_wa_Kongowea

Samahani kaka, naomba kuuliza. Kwa joto hili la Mombasa, hayo maji moto ni ya nini? Mfereji wangu saa nane mchana unatoa maji ya kuchemkia chai.


#3 Fundi_Bamburi

Hayo ni ya tangi jeusi juu ya paa, mdogo wangu. Yakishakwisha, yanayokuja nyuma yake yana nyuzi 27 hivi. Mgeni wa kuoga saa kumi na mbili asubuhi anataka nyuzi 40, na mashuka yenye mafuta ya kujipaka baharini hayatakati kwa maji ya uvuguvugu. Jikoni nako masufuria ni yale yale.


#4 Mpwani_Leicester

Salamu kutoka baridini. Mie ni mzaliwa wa Majengo, sasa naishi Uingereza, kazi yangu ni boila za nyumbani, zile za gesi zinazopasha radieta (vyuma vya ukutani vya kupasha vyumba) na maji ya kuoga.

Kaka Bamburi, hesabu yako haina shida kwa boila yako, lakini huku mambo yamegeuka na nisingependa vijana wa fani waondoke na nusu ya habari. Boila ya kisasa ya huku, ukiipunguzia moto, ufanisi wake unapanda. Sababu ni moshi. Gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, na mvuke ule umebeba joto. Moshi ukipozwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke unageuka maji ndani ya boila na joto lile linarudi kwako. Huku tunaziita boila za kondensi. England na Wales sheria ya ujenzi imezilazimisha tangu 2005, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa kuiweka.

Moto ukiwa mdogo, mirija ni ile ile lakini moshi ni kidogo, basi unapoa zaidi kabla ya kutoka. Maji yanayorudi kutoka kwenye radieta nayo yanakuwa ya baridi zaidi. Yakirudi na nyuzi 65, boila ya kondensi haikondensi kitu, ni jina tu. Yakirudi na 40, bomba la kutolea maji linatiririka na bili inashuka. Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza nikiingia nyumba ya mtu ni kushusha joto la maji yanayokwenda kwenye radieta, kutoka 75 hadi 55 hivi kama nyumba inahimili. Radieta zinakaa zimewaka muda mrefu zaidi, wenyewe wanashtuka, wanadhani gesi inaliwa. Inaliwa kidogo kuliko mwanzo.

Lakini kuna sakafu. Boila nyingi za hapa ni za kW 24 hadi 30, kwa sababu zinapasha maji ya kuoga papo hapo. Nyumba ndogo siku ya baridi yenyewe inataka kW 5 au 6 tu. Boila inashuka, inashuka, inafika kima chake cha chini kabisa, labda kW 5. Oktoba nyumba ikitaka kW 2, haiwezi. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Hapo tumerudi kwenye ugonjwa wako wa Mei.


#5 Ami_wa_Changamwe

Nyote wawili mmesema haki, na ni vizuri mmekutana hapa.

Ukipima boila ya kizamani na ya kondensi ukachora ufanisi dhidi ya mzigo, yaani kiasi cha joto kinachotakiwa, ya kizamani mstari wake unakaa juu ukiwa karibu na mzigo kamili, unateremka taratibu, halafu chini ya robo ya mzigo unaporomoka. Ya kondensi unapanda kadiri mzigo unavyopungua, hadi kile kima chake cha chini, halafu nao unaporomoka. Wote wawili wanakufa kwa ugonjwa mmoja, kuwaka na kuzima, ila wanaufikia kwa njia tofauti.

Vijana wa Mombasa, sikieni hili vizuri. Msisome aliyoandika ndugu wa Leicester mkaenda kushusha maji ya boila ya chuma ya dizeli hadi nyuzi 45. Boila ile haikutengenezwa kwa jasho. Moshi ukigeuka maji ndani yake, maji yale yana asidi kutokana na salfa ya mafuta, yanakula chuma kutoka upande wa moshi ambako huoni mpaka mrija utoboke. Maji yanayorudi kwenye boila hizo yasikae chini ya nyuzi 50 na kitu. Na tangi la maji ya wageni lihifadhiwe nyuzi 60, kwa sababu vijidudu vya Legionella huzaliana kwenye maji ya uvuguvugu na huua watu. Mafuta hayaokolewi kwa mapafu ya mgeni.


#6 Dada_Dobi_Kisauni

Ami, shikamoo. Mimi nina laundri, boila yangu ni ndogo, ya mvuke, ya pasi na mashine ya kukaushia. Nguo za hoteli zinaletwa vipande vipande: mzigo wa kwanza saa mbili, mwingine saa sita, mwingine saa tisa. Katikati vijana wanakaa na boila inashikilia presha. Nikiwaambia wazime wanasema kuiwasha upya kunakula mafuta mengi kuliko kuiacha. Ni kweli?


#7 Ami_wa_Changamwe

Marahaba mwanangu. Si kweli, ingawa utaisikia kila karakana kutoka hapa hadi Jomvu.

Kitu cha moto hupoteza joto kulingana na tofauti kati yake na hewa iliyokizunguka. Boila ya mvuke yenye presha ya bar 7 iko kwenye nyuzi 170. Ikiachwa pale inapoteza kwa kasi ya nyuzi 170 saa zote. Ukiizima inapoa, na kadiri inavyopoa ndivyo hasara inavyopungua. Ukija kuiwasha unarudisha joto lililotoka, na lililotoka ni pungufu kuliko ambalo lingetoka ikiwa moto muda wote. Vijana wako wanaona moto mkubwa wa kuwashia, wanaogopa. Ule mdogo mdogo wa kushikilia presha hawauoni kwa sababu unakuja kwa vipande.

Lakini usizime kila saa. Boila ya mvuke ikipashwa kutoka baridi kwa haraka, chuma kinatanuka bila kulingana na viungo vya mirija vinalegea. Kutoka baridi iwashwe kwa moto mdogo, polepole, kama alivyoagiza mtengenezaji. Kwa mapumziko ya saa moja haifai kuisumbua.

Dawa yako ni ratiba. Ongea na hoteli, mashuka yaje pamoja. Kazi ile ile ya saa kumi zenye mapengo, ifanye kwa saa tano au sita za mfululizo, boila ikiwa na mzigo wa kweli, kisha izimwe hadi kesho. Hujanunua chochote. Halafu tazama mabomba ya mvuke kati ya boila na pasi. Kama yako wazi bila kuvishwa, hayo ni boila ya pili inayopasha moto paa la mabati.


#8 Mwanafunzi_TUM

Nawashukuru, nimejifunza leo kuliko muhula mzima. Naomba kuongeza njia ya kupata ile hasara bila mashine ya kupimia moshi.

Katika mfano wa kaka Bamburi, chora karatasi. Chini weka kazi ya siku, upande wa kushoto lita za siku. Desemba ni nukta ya 2,000 na 271. Mei ni 300 na 76. Unganisha nukta hizo kwa mstari, uurudishe nyuma hadi kazi iwe sifuri. Unagonga lita 41. Hizo 41 ndizo boila inazokunywa kila siku kabla ya mgeni wa kwanza kunawa mikono. Mteremko wa mstari ni lita 0.115 kwa kila kWh, na huo ndio ufanisi wa kibati, 87%.

Kwa hoteli halisi, kazi ya siku unaweza kuisoma kwenye mita ya maji yanayoingia tangi la maji moto. Kama hakuna mita, tumia idadi ya vyumba vilivyolala watu, si sahihi sana lakini inatosha kuanza. Lita unapata kwa kupima tangi la dizeli kwa fimbo kila asubuhi saa ile ile. Nukta hazitakaa kwenye mstari mmoja, zitatawanyika, ila ukikusanya siku za msimu wa juu na za msimu wa chini mstari unaonekana wazi.


#9 Fundi_Bamburi

Mdogo wangu, hii ndiyo karatasi ya kumwekea meneja mezani! Inamwondolea fundi tuhuma, na siku dizeli ikiibiwa kweli itaonekana, kwa sababu nukta itaruka juu ya mstari peke yake.

Naongeza kuhusu kuwaka na kuzima, maana mfano wangu haukuiweka. Kichomeo cha dizeli hakiwaki papo hapo. Kwanza feni inasukuma hewa tupu kwa sekunde 30 hivi au zaidi, kufukuza mvuke wa mafuta uliobaki ndani usije ukalipuka. Usalama huo haujadiliwi, usiufupishe. Ila hewa ile ni baridi na mirija ni ya moto, kwa hiyo kila mwasho unapuliza joto nje kwanza. Halafu sekunde za mwanzo za moto haziungui safi, masizi yanaganda kwenye mirija, na masizi huzuia joto kuingia kwenye maji. Boila inayowaka mara mbili kwa saa na inayowaka mara kumi kwa saa zinaweza kutoa joto sawa, na mafuta yasiwe sawa hata kidogo.

Cha kufanya: panua pengo la thamostati. Kama inazima kwa 80 na kuwaka kwa 77, iache ishuke hadi 70. Muda wa kuwaka unarefuka, idadi ya mawasho inapungua. Pili, kama kichomeo kinaruhusu, msimu wa chini weka nozo (kinyunyizio cha mafuta) ndogo zaidi. Moto mdogo kwenye mirija ile ile unamaanisha moshi unatoka umepoa, na kila moshi ukipoa kama nyuzi 20 unaokota 1%. Lakini ukibadilisha nozo bila kurekebisha hewa umeharibu kazi, hewa ya ziada itabeba joto lote ulilookota. Nozo na hewa vinakwenda pamoja, na mashine ya kupimia moshi iwepo. Na usishuke chini ya kiwango cha mtengenezaji.


#10 Mhasibu_Nyali

Mie si fundi, ni wa upande wa pesa. Tumeletewa ofa ya boila mpya, muuzaji anasema ufanisi ni 95%, na kubwa kuliko tuliyo nayo "ili isichoke". Yetu ya sasa imeandikwa 87. Nimekuwa nikihesabu akiba ya 8% kwa mwaka na imekaa vizuri kwenye karatasi. Sasa nasoma huu uzi nasita.


#11 Ami_wa_Changamwe

Sita, mwanangu, sita kabisa.

Muulize kwanza asilimia hiyo imehesabiwa vipi. Kuna hesabu mbili za joto la mafuta, moja inaingiza joto la mvuke wa maji ulio kwenye moshi na nyingine haliingizi. Kwa dizeli zinapishana kama 6%, kwa gesi kama 11%. Ndiyo maana Ulaya utaona boila ya kondensi imeandikwa 107%, wala mtengenezaji hakudanganya. Ila ukilinganisha 95 ya hesabu moja na 87 ya hesabu nyingine, umelinganisha pishi na kilo.

Pili, ukubwa. Mfano wa Bamburi: kama kW 15 za hasara zinatoka kwenye boila ya 600, ya 900 yenye umbo lile lile itapoteza zaidi ikisimama. Mei utachoma zaidi kwa boila "bora".

Tatu, kaa na fundi wako mjibu swali moja: siku ngapi za mwaka boila inafanya kazi zaidi ya nusu ya uwezo wake? Hoteli nyingi nilizopita, jibu ni wiki za Krismasi, Pasaka na Agosti. Mwaka uliobaki unanunua mafuta ya mzigo mdogo. Nunua kwa ajili ya siku nyingi.


#12 Fundi_Bamburi

Na usisahau sheria, dada au kaka mhasibu. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliagiza majengo na viwanda vinavyotumia kuanzia kWh 180,000 kwa mwaka vifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ndiyo inayosimamia. Kama mlishakaguliwa, ripoti iko kwenye kabati la mtu. Itoeni muisome ukurasa wa boila kabla ya kusaini ofa.


#13 Mhasibu_Nyali

Ni dada 🙂 Ripoti nimeipata. Inapendekeza boila ndogo ya pili ya msimu wa chini na kuvisha mabomba. Hakuna pahali inaposema kubwa zaidi. Ofa nimeirudisha na maswali ya Ami.


#14 Dada_Dobi_Kisauni

Mabomba yangu nimeyatazama. Yote yako wazi, Ami. Fundi wa kuvisha anakuja Jumamosi, na hoteli mbili zimekubali mashuka yaje pamoja saa tatu.

Nina swali jingine. Maji yangu ni ya kisima, mazito, birika linajaa chokaa. Hili nalo linaingia kwenye mafuta?


#15 Ami_wa_Changamwe

Linaingia sana. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yanakuja na chokaa, na karibu na bahari na chumvi pia. Chokaa ikiganda kwenye mirija, joto haliingii majini, linatoka na moshi, na chuma chenyewe kinapata joto kupita kiasi. Ukitoa maji ya chini ya boila mara kwa mara ili chumvi isizidi, unamwaga maji ya nyuzi 170. Weka mashine ya kulainisha maji na uitie chumvi yake kwa wakati. Kisha rudisha kwenye tangi la boila maji yote ya mvuke uliopoa kutoka kwenye pasi. Yale ni safi, hayana chokaa, na bado ni ya moto.


#16 Mpwani_Leicester

Dada Mhasibu, kuhusu ile boila ndogo ya pili. Mkiifunga, hakikisheni ile kubwa ikipumzika imefungiwa valvu kabisa, na maji ya mfumo yasipite ndani yake. Nimekuta mifumo ya boila mbili ambapo moja imezimwa lakini pampu inazungusha maji moto ndani yake mchana kutwa, inakuwa radieta ya kupasha dohani. Hata bila pampu maji moto hupanda yenyewe, kwa hiyo iwepo na valvu ya kuzuia kurudi nyuma.


#17 Fundi_Bamburi

Hapo ndugu umegusa jambo ambalo hata boila moja linaihusu. Kwenye mfano wangu wa Mei, ukiiwasha asubuhi na jioni tu ili kujaza tangi lililovishwa vizuri, hasara ya siku inaweza kushuka kutoka 360 hadi, tuseme, 150. Hapo unachoma lita 52 badala ya 76. Lakini bila valvu ya kuzuia, tangi la moto linairudishia boila iliyozimwa joto lake usiku kucha, na asubuhi unakuta tangi vuguvugu na boila ya moto ambayo haikuwashwa na mtu.

Njia ya kujua ni rahisi: saa moja au mbili baada ya boila kuzimwa, gusa bomba linaloingia tangini karibu na boila, kwa uangalifu. Kama bado linaunguza, valvu haishiki au haipo.


#18 Kijana_wa_Kongowea

Nimeanza kazi ya usaidizi wa fundi wiki hii kwenye hoteli moja ya Shanzu. Nimegusa. Linaunguza. Namwambia fundi mkuu kesho asubuhi, na fimbo ya tangi la dizeli nimeshaomba niwe naipima mimi.